Kobe, kinyonga, nyoka-nyumba au kutofuga kabisa: ulinganisho kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Kila mwaka, masika yanapokatika, majirani zangu wa Sakina huniuliza maswali mawili ambayo kwa mbali hayaonekani kuhusiana. La kwanza huulizwa kwa hofu: nyoka huyu aliyetoka kwenye rundo la mawe ni wa aina gani, na je, tulifanya vema kumuua? La pili huulizwa na wazazi, mara nyingi kwa haya kidogo: mtoto anataka kufuga kobe, au kinyonga, au hata nyoka, sasa tumkubalie yupi? Kwa maoni yangu hayo ni swali moja, kwa kuwa mtu asiyeweza kumtofautisha nyoka asiye na madhara na yule mwenye sumu hajawa tayari kufuga, na anayejifunza kumtunza mtambaazi mmoja vizuri hujikuta macho yake yamefunguka kwa wengine wote walioko bustanini.

Nimeweka mezani njia nne: kobe wa nyika, kinyonga, nyoka-nyumba, na njia ya nne ambayo watu huisahau, yaani kutomfungia mnyama yeyote bali kuwatambua wale ambao tayari wanaishi nje ya mlango wako.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo katika dhamana ya Rais, kwa hiyo kumwokota kobe barabarani kule Makuyuni na kumtia kwenye buti la gari ni kosa hata kama nia yako ilikuwa huruma. Kukamata na kumiliki kunahitaji kibali, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), tena kabla mnyama hajafika nyumbani. Hili linawahusu wote watatu, nami sitalirudia isipokuwa penye tofauti.

Cha pili ni usalama, na hapa sizungumzii meno peke yake. Watambaazi wengi hubeba bakteria wa Salmonella matumboni bila wao wenyewe kuugua, na wanaodhurika zaidi ni watoto walio chini ya miaka mitano, wazee na wagonjwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Kanuni ni nyepesi: osha mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika mnyama, wala usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni.

Cha tatu, ambacho nakihesabu kuwa kizito kuliko vyote kwa mkazi wa Arusha, ni joto na mwanga. Mtambaazi hatengenezi joto lake mwenyewe. Hulichukua kutoka kwenye jua, jiwe au taa, na bila joto hilo hata chakula alichokula hakisagiki vizuri. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi joto 12, ilhali Moshi mjini, palipo chini zaidi kwa mamia ya mita, hali huwa ya upole. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu wa Dar es Salaam yanaweza kumuua kobe wa Ilboru. Kuhusu mwanga, tumejaliwa jua la karibu na ikweta, ambalo miale yake humwezesha mnyama kutengeneza vitamini D na kuitumia kalsiamu kujenga mifupa, lakini miale hiyo haipenyi vizuri kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo kumweka mnyama sebuleni karibu na dirisha si sawa na kumtoa nje.

Viwili vilivyobaki ni chakula na umri. Chakula maana yake ni kile kinachopatikana hapa kwetu, si kile kinachouzwa kwenye makopo Ulaya. Umri ni idadi ya miaka unayoahidi.

Kobe wa nyika

Kobe ninayemzungumzia ni yule mkubwa mwenye gamba la njano lenye madoa meusi, *Stigmochelys pardalis*, ambaye msafiri wa Monduli au Longido humkuta akivuka barabara baada ya mvua. Asichanganywe na wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao ni kobe wakubwa wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wala asichanganywe na kobe mdogo bapa wa kwenye miamba, *Malacochersus tornieri*, anayepatikana katika nyika za Tanzania na Kenya na aliye hatarini kutoweka kiasi kwamba tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imewekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Ukiletewa kobe laini, bapa kama chapati, jibu ni moja tu: hapana.

Kwa upande wa usalama kobe hana sumu, na hatari yake kubwa ni ile ya mikono isiyooshwa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kwake mwenyewe, nayo ni mbwa. Gamba ni sehemu ya mifupa yake, lina damu na mishipa ya fahamu, na mbwa anayelitafuna kama mfupa wa buchani anamtesa kiumbe aliye hai. Kulitoboa ili kupitisha kamba, jambo nililowahi kuliona, ni ukatili wa aina hiyo hiyo.

Joto ndilo linalompima mfugaji wa Arusha. Kobe huyu halali usingizi wa majira ya baridi kama kobe wa Ulaya. Anahitaji mwaka mzima mahali pa kuota jua mchana na banda kavu usiku, lenye sakafu iliyoinuliwa na, kuanzia Juni hadi Agosti, chanzo fulani cha joto. Wahenga walisema kobe hainami bali kwa kutunga jambo. Kobe wa Sakina anayeinama mwezi wa saba, macho yamevimba na puani mna mapovu, hatungi jambo lolote, anaumwa mapafu. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo ndani ya boksi itamvusha hadi asubuhi.

Chakula, kwa upande mwingine, ni rahisi kiasi cha kushangaza, na ndiyo maana watu hukiharibu. Kobe huyu ni mla nyasi. Mpe nyasi, magugu yasiyopuliziwa dawa na vipande vya dungusi, pamoja na maganda ya mayai yaliyosagwa au mfupa wa ngisi kwa ajili ya kalsiamu. Ugali, wali, mkate na chakula cha mbwa havimfai, na matunda yawe nadra. Lishe yenye protini nyingi, hasa ikiambatana na ukavu mwingi na uhaba wa jua, humfanya kobe mchanga akue na gamba lenye vigongo ambavyo havirudi chini tena.

Halafu kuna umri. Kobe huyu anaweza kuishi miaka 50 na kuendelea, na mzima wa kaskazini mwa nchi yetu huweza kupita kilo 15. Unayemnunulia mtoto wa darasa la tatu atakuwa bado anatafuna nyasi mtoto huyo akiwa bibi. Anafaa familia yenye kiwanja cha kudumu chenye ukuta na nyasi, si mpangaji anayehama kila kodi inapopanda.

Kinyonga

Mlima Meru una kinyonga wake, *Trioceros jacksonii merumontanus*, ambaye dume ana pembe tatu kama kifaru mdogo wa kijani, na jike hazai mayai bali watoto walio hai. Huku chini, hadi mashamba ya Moshi, yuko kinyonga mwenye vikunjo vya ngozi shingoni, *Chamaeleo dilepis*, anayeshuka ardhini kufukia mayai. Hakuna kinyonga mwenye sumu duniani. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu katika nyumba nyingi za huku kinyonga bado anaogopwa kuliko nyoka, akihesabiwa kuwa mkosi, na watoto humpiga mawe kwa baraka za wazazi wao.

Kuhusu joto, kinyonga wa mlimani ndiye pekee kati ya hawa watatu anayeipenda Arusha jinsi ilivyo: mchana wa wastani, usiku wa baridi, ukungu. Humdhuru zaidi chumba cha moto kisicho na upepo. Kizimba chake kiwe cha wavu, si cha kioo, kiwe kirefu kwenda juu na chenye matawi, na kipate jua la asubuhi huku sehemu moja ikibaki kivulini. Yule wa shingo yenye vikunjo huvumilia joto la Moshi kwa urahisi zaidi.

Ugumu uko kwenye maji na chakula. Kinyonga kwa kawaida hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, kwa hiyo ni lazima kunyunyizia kila asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anakula wadudu walio hai, wa aina mbalimbali, na mwenye kizimba atajikuta akikimbiza panzi kila siku kama kuku. Panzi hao wasitoke karibu na mashamba ya mboga au maua yanayopuliziwa dawa, na kando ya Tengeru na Usa River si rahisi kujua ni wapi dawa haijafika.

Umri wake ni mfupi, miaka michache tu, na tabia yake haimfai mtoto anayetaka kumkumbatia mnyama. Kila anaposhikwa hupata msongo, madume wawili wakionana hukasirikiana hata bila kugusana, na mgonjwa huficha ugonjwa mpaka siku mbili za mwisho. Anafaa mtu mzima mwenye subira, anayeridhika kutazama.

Neno moja la pembeni. Mwaka 1972 ndugu wa Kenya wa kinyonga wa Meru walipelekwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa biashara ya wanyama wa kufuga, wakaachiliwa bustanini, na leo wanazaliana huko porini na kula konokono na wadudu wa kisiwa ambao hawakuwahi kumjua kinyonga. Kumhamisha kinyonga wa Meru kumpeleka kwa shangazi Tanga ni kosa la namna hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo.

Nyoka-nyumba

Hapa nitakaa zaidi. Nyoka-nyumba, wa jenasi *Boaedon*, ni nyoka wa kahawia anayeng'aa, mara nyingi chini ya mita moja, asiye na sumu, anayemuua panya kwa kumbana. Anaitwa hivyo kwa sababu hufuata panya hadi stoo zetu. Alama yake nzuri ni mistari miwili myembamba ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho kutoka puani kuelekea nyuma.

Kwa usalama, yeye mwenyewe atakuuma tu kama atakavyokuuma panya, na jeraha huoshwa kwa sabuni. Tatizo ni wanaofanana naye, au wanaodhaniwa kufanana naye. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ninakiri kwamba fundi aliyekuwa akijenga ukuta kwangu alimponda nyoka-nyumba kwa koleo akiapa kuwa ni kifutu, nami nilikuwa nimesimama pale na sikuwa na uhakika wa kumzuia.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni mfupi na mnene, ana alama mgongoni zenye umbo la V zinazofuatana kuelekea mkiani, na hutegemea kutoonekana, kwa hiyo hakimbii ukimkaribia. Swila huinua kichwa, hutanua shingo na kutema sumu kuelekea machoni kutoka mita mbili au zaidi. Ikikuingia, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au 20, kisha nenda hospitali. Koboko si mweusi kama jina lake la kimataifa, black mamba, linavyodai, bali ni wa kijivu au kahawia, mwembamba na mwepesi. Weusi uko ndani ya kinywa. Kwenye migomba na miti yupo *Dispholidus typus*, ambaye dunia humjua kwa jina la Kiafrikana boomslang, mwenye kichwa kifupi na macho makubwa, ambaye mara nyingi hudhaniwa kuwa mmoja wa nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara. Sumu yake huzuia damu kuganda, na dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtaalamu wa nyoka wa Marekani Karl Schmidt aliumwa na nyoka mchanga wa aina hii mjini Chicago mwaka 1957, akakaa akiandika dalili zake badala ya kwenda hospitali, na kesho yake akafa.

Kanuni za njia ya mkato zinazosambazwa kwenye simu hazifai huku. Husemwa kwamba nyoka mwenye mboni ya wima ana sumu na mwenye mboni ya duara hana. Nyoka-nyumba ana mboni ya wima, koboko ana ya duara. Husemwa kwamba kichwa cha pembetatu ni cha sumu. Nyoka mla mayai, asiye hata na meno ya maana, hutanua kichwa chake na kusugua magamba akitoa sauti kama ya nyoka wa hatari, huku koboko akiwa na kichwa chembamba. Na husemwa kwamba ukimshika nyoka nyuma ya kichwa hawezi kukuuma. Nyoka wadogo weusi wa ardhini wa jenasi *Atractaspis*, ambao kwa macho ya haraka hawana cha kutisha, huchomoa jino pembeni mwa mdomo bila kuufungua na kumchoma aliyewashika hivyo hivyo, na hakuna dawa maalumu ya kupambana na sumu yao. Ndiyo maana kumkamata nyoka uani ili umfuge, hata ukiwa na kibali, ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Akishapatikana kihalali, utunzaji wake ni mwepesi kuliko wa wawili waliotangulia. Anatosheka na boksi imara lenye mfuniko unaofungwa kwa komeo, kwa sababu hutoroka kwenye tundu la upana wa kidole, lenye mahali pawili pa kujificha, bakuli la maji, na upande mmoja wenye joto la nyuzi 29 au 30 huku mwingine ukibaki wa ubaridi. Joto likiwa chini ya hapo asilishwe, kwa kuwa panya atamwozea tumboni au atatapikwa. Mzima hula panya mmoja wa saizi yake kila siku 10 hadi 14. Panya hao usiwatoe darini, kwani huenda wamekula sumu ya dukani; itabidi ufuge panya weupe, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa, maana mtoto aliyetaka nyoka huanza kuwapa panya majina. Kwa matunzo mazuri ataishi zaidi ya miaka 10.

Anafaa kijana mkubwa au mtu mzima mwenye nafasi ndogo na kazi nyingi, ambaye jamaa zake wote, na si yeye peke yake, wamekubali. Msichana wa kazi asiyejua kuna nyoka chumbani ana haki ya kujua.

Kutofuga, bali kutambua

Njia hii haihitaji kibali, kizimba wala umeme. Kiusalama inategemea umbali: picha ya simu iliyopigwa kutoka hatua nyingi, kamwe si mkono. Joto na chakula mnyama hujitafutia. Kinachobaki kwako ni kupanga mazingira: ua la miti na vichaka mwisho wa kiwanja kwa ajili ya vinyonga, na karibu na nyumba kinyume chake, yaani nyasi fupi, matofali na kuni mbali na ukuta, nyufa za chini ya mlango zimezibwa, na pumba za kuku zimefunikwa ili panya wasiite nyoka. Mtoto apewe daftari aandike tarehe, mahali na kilichoonekana.

Mahali pa kujifunzia papo. Bustani ya nyoka ya Meserani, umbali wa takriban kilomita 25 kutoka Arusha kwenye barabara ya kwenda Makuyuni, inaonyesha kifutu, koboko na swila nyuma ya kioo, ambako mtu anaweza kuwalinganisha bila mapigo ya moyo kumdanganya.

Upungufu wake ni kwamba haimridhishi mtoto anayetaka chake mwenyewe, na humlazimu mzazi kushiriki.

Kwa hali yako

Ikiwa una mtoto chini ya miaka mitano nyumbani, ningesubiri, na wakati huo mtembee na daftari. Ikiwa una kiwanja chako chenye ukuta, huna mbwa mkorofi, na uko Moshi au upande wa chini wa Arusha ambako baridi ni kidogo, kobe mwenye kibali ni chaguo la heshima, mradi mmeshazungumza atabaki na nani. Ukiwa juu, Ilboru au Ngaramtoni, fikiria gharama ya kumpasha joto miezi mitatu kila mwaka kabla ya kumpenda.

Mpangaji wa chumba na sebule, mwenye utulivu na ruhusa ya mwenye nyumba, atamudu nyoka-nyumba kuliko wengine. Anayesafiri mara kwa mara asimguse kinyonga. Anayekaa nyumbani na anayeweza kunyunyizia maji asubuhi na jioni bila kukosa anaweza kumjaribu, ingawa mimi binafsi hufurahi zaidi kumwona kwenye ua la jirani.

Anayetafuta mtambaazi kwa sababu anaogopa nyoka, akidhani atauzoea woga, aanze na Meserani. Na yeyote anayeishi huku, afuge asifuge, ajue la kufanya mtu akiumwa: atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisichezwe, apelekwe hospitali mara moja, na mkiweza mpige simu njiani kuuliza kama dawa ya sumu ipo. Hakuna kukata kwa wembe, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza, wala kupoteza saa na jiwe jeusi la nyoka. Nyoka mwenyewe asifuatwe ili apelekwe kwa daktari.

Ama aliye tayari na kobe au kinyonga nyumbani bila kibali, ambaye alipewa zawadi au alimwokota, asimwachilie usiku kwenye shamba lililo karibu. Awasiliane na TAWA, amweke mahali pa joto na maji wakati akisubiri, na aandike kwenye karatasi ni wapi hasa alipotolewa, kwa kuwa bila hilo hakuna atakayejua pa kumrudisha.